Washa za Breki: Ulaini Kwanza, Kilo Baadaye

Samaki mkubwa akikata mshipi na kwenda zake, lawama zina njia zake za siku zote: mshipi ulikuwa mkuukuu, fundo lilifungwa ovyo, ndoana ni ya bei rahisi, nahodha alichelewa kugeuza boti. Ni nadra mtu kuvitaja vile visahani vichache vilivyofichwa ndani ya rili, chini ya mkono, ambavyo ndivyo vinavyoamua mshipi utoke kwa uzito gani. Na wanaovitaja, wengi wana ombi moja tu kwa fundi: niwekee breki kali zaidi.

Ombi hilo limekaa upande. Kubadilisha washa za breki katika rili nzito za baharini ni matengenezo yenye faida kubwa kuliko gharama yake, na nitayatetea hapa bila kusita. Lakini faida hiyo haiko kwenye ukali. Iko kwenye namna breki inavyoanza kuachia, na namna inavyobaki ileile baada ya kupata moto. Anayefukuza kilo peke yake hupata alichotaka, kisha huvunja kitu kingine.

Mvuvi wa mshipi wa mkono hahitaji kuelezwa breki ni nini, kwa kuwa breki yake ni vidole. Samaki akivuta sana, analegeza, akichoka, anakaza, na makovu ya viganjani yanaonyesha kazi hiyo ilivyo. Wavuvi wa kwanza wa fimbo na rili katika kisiwa cha Catalina, California, ambako Tuna Club ya Avalon ilianzishwa mwaka 1898, walikuwa karibu na hali hiyohiyo. Rili zao zilikuwa na kipande cha ngozi ambacho mtu alikikandamiza juu ya spuli kwa dole gumba. Jodari akikimbia, mkono wa rili ulizunguka kinyumenyume kwa kasi, na asiyewahi kuondoa vidole alivunjwa. Mwanachama mmoja wa klabu hiyo, William Boschen, alibuni breki ya kukaa ndani ya rili, na Julius vom Hofe wa Brooklyn akaitengeneza. Mwaka 1913 Boschen alimtoa samaki-upanga karibu na Catalina, wa kwanza kukamatwa kwa fimbo na rili. Tangu hapo mkono wa rili ukaacha kuzunguka nyuma, na kazi ya dole gumba ikahamia kwenye washa.

Muundo huo, wenye gurudumu dogo la umbo la nyota kando ya mkono, ndio ulioenea duniani. Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kampuni ya Penn huko Philadelphia mwaka 1932, na mwaka 1936 ikatoka Senator, rili ambayo pengine ndiyo iliyofunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote ya daraja lake. Si ajabu kuikuta hadi leo kwenye boti za Watamu, Malindi au Shimoni, nikeli imebabuka, bakelaiti imefifia, na bado inafanya kazi. Mfano wangu mkuu utakuwa huo, kwa sababu ni rahisi kuueleza na kwa sababu ndio unaoletwa kwa mafundi.

Ukimfungulia fundi wa bodaboda rili ya nyota hataona jambo geni. Ni klachi ya sahani nyingi, kama ile ya pikipiki. Gia kubwa imechongwa shimo ndani yake, na humo zimepangwa washa kwa zamu. Kuna washa za chuma zenye masikio nje, yanayoingia kwenye nafasi za gia. Hizi huzunguka na gia, yaani huzunguka na samaki. Kuna nyingine za chuma zenye tundu la katikati lenye pande bapa. Hizi hushikwa na mhimili wa mkono, ambao hauwezi kurudi nyuma kwa sababu ulimi mdogo wa chuma umeuzuia. Kati ya hizo mbili ndipo inapokaa washa ya msuguano. Ukikaza nyota, unabana safu nzima. Tofauti na pikipiki ni kwamba klachi ile huteleza kwa muda mfupi tu, ilhali hapa kuteleza ndiyo kazi yenyewe, tena kunaweza kuendelea dakika nzima bila kupumzika.

Nguvu ya breki hutokana na mambo manne: umebana kiasi gani, kizigeu cha msuguano cha washa ni kipi, washa ni pana kiasi gani, na ziko ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalowavutia wauzaji. Kila washa ya msuguano inachangia sawa na mwenzake, hivyo safu ya washa tano, kwa mbano uleule wa nyota, hutoa thuluthi mbili zaidi ya safu ya tatu. Kwa kuwa nafasi ndani ya gia haiongezeki, tano hupatikana kwa kufanya kila kitu kiwe chembamba, washa za chuma zikiwemo. Nitarudi kwenye wembamba huo, kwa sababu una deni lake.

Kwanza joto. Chukua mshipi wa kilo 24, mojawapo ya madaraja yanayotambuliwa na IGFA, shirika lililoanzishwa mwaka 1939 kusimamia kanuni na rekodi za uvuvi wa fimbo. Kanuni ya wavuvi ni kuweka breki kwenye thuluthi moja ya uimara wa mshipi, yaani kilo 8. Sasa samaki anakimbia mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. (Ile habari ya sulisuli kukimbia kilomita 110 kwa saa ni ya barazani, wanaopima samaki siku hizi hawaikubali.) Kilo 8 kwa mwendo huo ni wati 780 hivi za joto, zote zikizaliwa kwenye nafasi ndogo chini ya mkono wako. Katika mita 100, ambazo huisha kwa sekunde 10, zinapatikana jouli 7,800. Kama washa na chuma kilichozizunguka vina gramu 100, na joto halijapata muda wa kutoka, chuma hicho kitapanda kwa nyuzi 160 za Selsiasi. Ongeza hizo juu ya joto la mchana wa Februari huko Malindi. Kisha kumbuka kwamba jodari mkubwa hakimbii mara moja.

Katika hali halisi sehemu ya joto huingia kwenye gia na kifuniko, kwa hiyo hesabu hii ni ya upande mbaya. Hata hivyo inaonyesha kwa nini washa za zamani zilishindwa. Ngozi iliyolowa mafuta huanza vizuri, kisha hukauka, hukakamaa na kuungua. Fiba ngumu iliyokuwa ndani ya rili nyingi za zamani hung'aa kama iliyopigwa vanishi, na ikishang'aa hushika na kuachia kwa mikupuo. Felti hunywa maji ya chumvi na hubonyea ukiihifadhi ikiwa imebanwa. Tefloni ni laini ajabu mwanzoni, lakini kizigeu chake ni kidogo, hivyo inadai mbano mkubwa, na chini ya mbano mkubwa pamoja na joto hutandazika taratibu na kupoteza unene wake. Kuhusu vitambaa vya breki vya zamani sana nina onyo moja: vitambaa vya aina hiyo kwa miaka mingi vilitiwa asbesto, kwa hiyo usikwangue wala kupuliza vumbi la washa ya zamani usiyoijua asili yake. Iloweshe, itoe, itupe.

Washa za nyuzi za kaboni ndizo zilizobadilisha mambo. Penn ilizileta kwa jina la HT-100, na watengenezaji wengine wakauza kitambaa cha aina hiyo, Carbontex kikiwa jina linalojulikana zaidi kwa mafundi wa rili. Kaboni haibonyei, hainywi maji, na joto linalochoma ngozi haliisumbui. Sifa yake kubwa kuliko zote ni kwamba kizigeu chake hakibadiliki sana kati ya baridi na moto. Ukiweka kilo 8 asubuhi, baada ya mbio tatu za jodari bado una kitu kinachokaribia kilo 8.

Lakini joto ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ule mpapatiko wa mwanzo. Kitu kilichotulia kinahitaji nguvu zaidi kukianzisha kuliko kukiendeleza. Wanafizikia huziita hali hizo mbili msuguano tuli na msuguano mwendo. Washa mbovu ni ile ambayo tofauti ya hiyo miwili ni kubwa. Ukivuta mshipi kwa mkono, unahisi rili imegoma, kisha inaachia ghafla, kisha inagoma tena, na ncha ya fimbo inachezacheza. Tuseme mgomo huo unaongeza nusu: kilo 8 za mwendo zinahitaji kilo 12 kuanza. Kwa mshipi wa kilo 24 mtu atasema hakuna shida, bado kuna nafasi.

Nafasi hiyo inaliwa na spuli. Breki hushika mhimili, haishiki mshipi. Nguvu inayofika kwenye mshipi hutegemea upana wa mshipi uliobaki kwenye spuli. Samaki akimaliza mshipi hadi kipenyo kikabaki nusu, zile kilo 8 zinakuwa 16, na wewe hujagusa nyota. Sasa samaki anasimama, anageuka, anaanza tena. Breki inayogoma kwa nusu inadai kilo 24 kuanza, na hizo ndizo kilo zote za mshipi, kabla hujahesabu mamia ya mita za mshipi zinazoburutwa majini kwa tao na fundo ambalo daima ni dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Hapo ndipo mshipi unapokatika, na mtu anasimulia kwamba samaki alikuwa mkubwa kupita kiasi. Huenda alikuwa wa kawaida tu. Breki laini katika mkasa huohuo ingekuwa kwenye kilo 16 na kidogo, na samaki angebaki.

Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeongeza washa kutoka tatu hadi tano bila kutibu mgomo wa mwanzo hajasogea. Amejinunulia uwezo wa kukata mshipi mapema zaidi.

Hapa ndipo mabishano ya grisi yanapoingia. Wapo wanaofunga kaboni kavu, kwa hoja kwamba msuguano ni mkubwa na ndiyo maana ya breki. Wapo wanaoipaka grisi maalumu yenye tefloni, kama ile ya Cal's, kidogo sana, kisha kufuta ziada mpaka uso unabaki na unyevunyevu tu. Grisi hupunguza kilo za juu kabisa. Hilo halina ubishi. Lakini huziba pengo kati ya kuanza na kuendelea, na kwa rili za nyota mimi niko upande wa grisi bila kigugumizi. Kilo zilizopotea hurudishwa kwa robo mzunguko wa nyota.

Kwa mwambao wetu kuna sababu ya pili, na nashangaa jinsi inavyosahaulika. Kaboni inapogusana na chuma ndani ya maji ya chumvi hufanya kama betri ndogo: kaboni inabaki salama, chuma ndicho kinacholiwa. Rili iliyofungwa kavu, ikaingiwa na rasharasha ya mawimbi na kuachwa wiki mbili kwenye stoo ya boti, hufunguliwa ikiwa na washa za chuma zenye vishimo na kutu iliyogandia kwenye kaboni. Breki hiyo haiwezi kuwa laini tena hata ubadilishe kaboni, kwa sababu uso ulioharibika ni wa chuma. Tabaka la grisi hufukuza maji. Lakini isiwe grisi ya beringi za gari iliyo karibu na mkono. Nyingi za hizo hulegea na kutiririka kwenye joto tulilolikokotoa, na breki hubadilika katikati ya pambano.

Sasa lile deni la wembamba. Zamani, mshipi wa nailoni ulikuwa ndio ukomo wa kila kitu. Rili ya ukubwa wa kati ilibeba mshipi wa kilo 15 au 24, breki ikawekwa kilo 5 au 8, na sehemu nyingine zote zilikuwa na akiba. Miaka ya 1990 ilileta mishipi ya kusuka ya polithini, ya nyuzi kama Dyneema na Spectra, myembamba mno kwa uimara wake. Ghafla rili ndogo iliweza kubeba mita nyingi za mshipi wa kilo 37 au zaidi. Wavuvi wakataka breki ya kilo 12, kisha 15, kutoka kwenye mwili uliobuniwa kwa tano. Washa za kaboni zikawapa. Nailoni, ambayo ilikuwa inanyumbuka na kufyonza mitikisiko, nayo ikaondoka, kwa kuwa mshipi wa kusuka haunyumbuki karibu hata kidogo. Kwa maneno mengine, wakati uleule breki ilipokazwa, kinga dhidi ya breki mbaya iliondolewa.

Kilichofuata mafundi wanakijua. Mhimili wa brasi katika rili za zamani husokoteka au pande zake bapa huliwa na washa. Masikio ya zile washa nyembamba za chuma, yakiwa na eneo dogo la kusukumia, huchimba kingo za gia ya brasi mpaka washa inakwama kwa pembe, na breki inaanza kugoma upya. Ulimi unaozuia mkono kurudi nyuma, ambao katika Senator ni mmoja, hubeba mzigo wote peke yake. Ukiteleza, mkono huzunguka nyuma na kumkumbusha mwenye rili yaliyowapata watu wa Catalina. Vifuniko vya bakelaiti hupasuka kwenye skrubu. Spuli hukunjamana au kupasuka chini ya mbano wa mshipi uliokazwa. Ndiyo maana wauzaji wa safu za washa tano huuza pia mhimili wa chuma kisichoshika kutu, gia ya chuma, ndimi mbili, na fremu ya alumini. Ukivinunua vyote, umenunua rili mpya yenye nembo ya zamani. Si kosa, mtu na pesa zake. Ila asiambiwe kwamba amebadilisha washa tu.

Na kuna kiungo cha mwisho, mtu. Kilo 8 kwenye ncha ya fimbo ndefu ni kazi nzito kwa aliyesimama kwenye sitaha inayoyumba bila mkanda wa mgongoni. Kilo 15 zinamtaka mwenye uzoefu na mkanda mzuri. Mgeni wa boti ya kukodi akikabidhiwa kilo 20, swali linahamia kwa nani atamshika asiende majini.

Kazi yenyewe si ngumu, na fundi mwangalifu huimaliza asubuhi moja. Ondoa mkono, nyota na washa za springi. Inua safu kwa mpangilio na uilaze mezani hivyohivyo. Osha vyuma kwa mafuta ya taa. Kisha fanya jambo linalorukwa na wengi: laza kila washa ya chuma kwenye kioo bapa chenye msasa mwembamba na uizungushe. Ikikwanguka pembeni tu, imepinda, na kaboni ya bei yoyote haitaiponya. Ondoa ncha kali kwenye masikio. Angalia pia washa iliyo chini ya gia kubwa. Katika rili nyingi za nyota nayo ni sehemu ya breki, na mara nyingi ni fiba ya tangu kiwandani iliyosahauliwa wakati zile za juu zinabadilishwa. Ipe kaboni nayo. Washa za springi zilizopoteza mbinuko zibadilishe, maana hizo ndizo zinazofanya nyota ikaze polepole badala ya kuruka kutoka bure hadi kufunga. Ukimaliza, funga mizani ya kuning'inia kwenye mshipi, uvute kupitia fimbo, na usome namba mbili: inapoanza na inapoendelea. Fundi anayerudisha rili na namba moja tu hajamaliza kazi.

Rili za leva ni habari tofauti. Tangu Penn International ilipotoka katika miaka ya 1960, muundo huo umetawala kwenye boti kubwa za nduaro. Badala ya safu ya visahani vidogo kuna sahani moja au mbili pana kama spuli yenyewe, na leva husogeza vitu pamoja kwa hatua unazoweza kuziona: bure, kupiga, mwisho. Upana huo unatoa breki kubwa kwa mbano mdogo na eneo kubwa la kutoa joto, kwa hiyo matatizo mengi niliyoyaeleza yanapungua yenyewe. Lakini ukomo wake umewekwa na mwinuko wa kamu inayozungushwa na leva. Sahani iliyobuniwa kuwa kavu ukiipaka grisi, unaweza kujikuta leva imefika mwisho na kilo ulizozihitaji hazipo. Sahani nene kidogo kuliko ya asili nayo huondoa hali ya bure, spuli ikawa inasugua muda wote. Huko sipendekezi ubunifu. Weka sahani ya mtengenezaji, kavu au ya grisi kama alivyoagiza, na utumie pesa iliyobaki kwenye beringi.

Kwa Senator ya zamani inayoburuta chambo cha nguru na jodari kwenye Mkondo wa Pemba kwa mshipi wa nailoni, ningefanya hivi: kaboni tatu mahali pa fiba tatu, moja chini ya gia, grisi kiasi cha kung'arisha tu, mhimili wa chuma kisichoshika kutu mahali pa ule wa brasi, na breki kwenye thuluthi ya mshipi kwa mizani. Washa tano ningeziacha dukani. Kila jioni rili imwagiwe maji baridi kwa utaratibu, isipigwe kwa mpira wa presha unaosukuma chumvi ndani, na nyota ilegezwe kabisa kabla ya kuwekwa stoo.